Kukusanya saa za kuruka kwa gharama nafuu

Swali: Wanajamvi, nina leseni ya rubani binafsi na ninajiandaa kwa leseni ya rubani wa biashara, lakini kukodi ndege kunanimalizia akiba. Nipunguzeje gharama bila kudhoofisha ujuzi?

Jibu la kwanza: Kiwango cha chini cha ICAO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga) kwa leseni hiyo ni saa 200 za kuruka, ila kwa kozi iliyoidhinishwa hushuka hadi 150, na huo ndio unafuu mkubwa kuliko wote. Kodi ndege ya viti viwili: Cessna 152 hutumia takriban lita 23 kwa saa, ilhali Cessna 172 ya viti vinne hukaribia 32. Uliza pia kama bei inajumuisha mafuta, na kama saa huhesabiwa tangu injini inapowashwa, kwa sababu dakika za kusubiri ruhusa ya kuruka nazo hulipiwa.

Jibu la pili: Naunga mkono. Usizunguke uwanjani bila shabaha. Ipange mapema ile safari ya kilomita 540 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti, kwani ni sharti la leseni hiyo ya biashara. Mkigawana gharama na rubani mwenzako, hakikisheni kwanza kanuni za mamlaka yenu zinamruhusu nani kuziandika saa za safari hizo katika daftari lake la saa za kuruka.