Naomba ushauri: programu za simu za kupima mwili kabla ya kuagiza nguo

Assalam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana harusi ya mpwa wake hapa Mji wa Kale na anataka gauni la kuagiza mtandaoni. Shida ni umbo: gauni likimkaa nyonga, kiuno kinapwaya. Na namba hazisaidii, maana 12 ya Uingereza huwa 8 Marekani na 40 Ulaya, na hata hapo kila kampuni ina vipimo vyake. Kurudisha mzigo, gharama ni yetu.

Kuna programu zinazotaka picha mbili, ya mbele na ya ubavu, pamoja na urefu wako, kisha zinakadiria kifua, kiuno na nyonga. Lakini zinataka uvae nguo ya kubana, na mama ni mtu wa buibui. Picha zile hubaki kwenye simu au huenda kwa wenye programu? Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Aliyewahi kuzitumia anieleze, vipimo vilitoka sawa? Au nimpeleke kwa fundi ampime kwa tepu, kisha nilinganishe na jedwali la muuzaji? Na kitambaa kisichovutika, niongeze inchi ngapi nyongani?