UK Subs wanawezaje kudumu tangu 1976?

SautiKali:
Wakuu habari zenu. Wiki hii nzima nawasikiliza UK Subs tu, wale wa panki (roki ya kasi na kelele) na kuna kitu kinanisumbua. Bendi imeanza London 1976, wenzao wa enzi ile Sex Pistols walisambaratika Januari 1978, The Clash nao katikati ya miaka ya 80 wakaisha, lakini hawa ambao hata hawakuwahi kuwa wakubwa hivyo bado wanapanda jukwaani. Wanawezaje? Halafu wapiga vyombo wamebadilika weee mpaka unachoka kuhesabu, sasa hiyo bado ni bendi ileile au ni mwimbaji wao Charlie Harper na yeyote aliyepo siku hiyo?

BesiNzito:
Mkuu anza na umri wa Harper, utaelewa mengi. Kazaliwa 1944. Panki inalipuka 1976 Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, ana miaka 20, Harper ana 32, kazi yake kutengeneza watu nywele, na tangu miaka ya 60 alikuwa anapiga bluzi kwenye mabaa. Yaani alishazoea kuimbia watu wachache kwa hela ndogo kabla panki haijapata jina. Msikilize akichomoa harmonika katikati ya wimbo, nyuma gitaa linakwenda kasi vilevile, yeye anapuliza bluzi kabisa. Na albamu ya kwanza, 1979, wakaiita Another Kind of Blues.
Kilele chao kwenye chati ni Crash Course, ya laivu, imerekodiwa ukumbi wa Rainbow pale London 1980, ikafika namba 8 Uingereza. Baadaye chati zikawasahau lakini haikuwaua kwa sababu ugali wao haukutoka huko, ulitoka barabarani.

kanda_ya_zamani:
Msisahau alfabeti jamani!! Another Kind of Blues, Brand New Age, Crash Course, Diminished Responsibility, wakaenda hivyohivyo herufi kwa herufi mpaka Ziezo ya 2016. Miaka 37. Kwenye X wakatoa XXIV, yaani 24 kwa namba za Kirumi, maana X ni herufi ya 24, mi hapo niliwavulia kofia. Ni kweli zingine ni za laivu au mikusanyiko, sio zote za studio, ila mtu mwenye herufi zinazomdai anavunjaje bendi akiwa K?

Ndo_Hivyo:
Kwenye swali la pili nitawaudhi. Kwangu mimi UK Subs yenyewe ni ile yenye gitaa la Nicky Garratt, ndo aliyeijenga ile sauti pamoja na Harper, hizo albamu nne tano za mwanzo huwezi kumtoa. Waliofuata ni wazuri, hata Lars Frederiksen alipita hapo kabla hajaenda Rancid, bendi ya panki ya Marekani, lakini kuwa mzuri na kuwa Subs ni vitu viwili.

BesiNzito:
Ndo_Hivyo kaka, Garratt nampa heshima yake yote, ila Alvin Gibbs je? Kaingia na besi 1980, akatoka, akarudi, na wimbo wa Down on the Farm ambao Guns N' Roses waliurudia 1993 una mkono wake, wa Harper na wa Garratt. Bendi inayozunguka muda wote inakula watu, kuna anayepata mtoto, kuna anayechoka kulala kwenye gari, anayebaki ndo anabeba jina. Na siku hizi ni ngumu zaidi, tangu 2021 wanamuziki wa Uingereza wanahesabiwa siku 90 ndani ya kila 180 kwenye nchi za Schengen (zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka), tisheti za kuuza nazo zina makaratasi ya forodha. Bendi ndogo kama hii Ulaya ndo ilikuwa shamba lake. Mzee sasa kavuka 80, safari ndefu zimepungua, hiyo ni haki yake.

SautiKali:
Asanteni sana wakuu. Sikujua kama kaanza mtu mzima hivyo, hapo nimeelewa. Naenda kwa mpangilio wa herufi basi. Ndo_Hivyo, kwa hiyo za Garratt niishie wapi?

Ndo_Hivyo:
Endangered Species, 1982. Sauti juu.