BMW 650i ya 2006 kwa 28M, wenye uzoefu nishaurini kabla sijatoa hela

Kijana wa Kinyerezi:
Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja kwenye mada. Natumia Toyota Mark X mwaka wa nne sasa, haijawahi kunisumbua hata siku moja ila roho imechoka, nikisimama taa za Tazara naziona Mark X zingine tano zimenizunguka kama tuko msibani. Sasa kuna jamaa Mbezi Beach anauza BMW 650i ya 2006, ile ya milango miwili, nyeusi, ndani ngozi nyekundu, kilomita elfu 92, anataka 28M na nikimbana naona anashuka mpaka 25. Nimeiendesha toka kwake mpaka Mwenge na kurudi, wallahi ule muungurumo mpaka leo silali. Ila kaka yangu anasema chuma kama kile kwa bei hiyo lazima kuna kitu. Naomba kujua magonjwa yake na gharama za matengenezo hapa bongo. Wa kuponda bila sababu apite kimya kimya.

Spana Mkononi:
Kaka yako mpe soda. Hiyo injini inaitwa N62, V8 (silinda nane zimepangwa kama herufi V) ya lita 4.8, farasi 367, kwa kukimbia haina mpinzani mtaani kwenu. Shida yake inakula oili. Zile sili za valvu zinakauka kwa joto, na valvu zenyewe ziko 32, sasa oili inashuka taratibu kwenye silinda gari ikiwa imesimama. Wengi wanaanza kuona moshi zikipita laki moja kilomita, kwa hiyo hiyo ya elfu 92 iko mlangoni (kama hizo 92 ni za kweli, maana dashbodi za bongo tunazijua).

Jipime mwenyewe, usimsikilize muuzaji. Nenda asubuhi gari ikiwa ya baridi, shika boneti kama ni ya moto jua jamaa ameshaiwasha kabla yako. Iwashe, ipate joto, halafu iache inaunguruma hapo hapo dakika 10 au 15 bila kugusa kitu, ndio upige resi huku mwenzako amesimama nyuma. Ukitoka moshi wa bluu hizo ndio sili. Mimi nilibadilisha kwenye BMW 645 yangu, yenye injini ya ukoo huo huo, fundi hakushusha silinda hedi ana kifaa maalumu, kazi na vifaa 3.6M na gari ikakaa wiki tatu. Ukipata fundi wa kubahatisha atakwambia tushushe injini yote, hapo andaa hela na maombi.

Mzee wa Gerezani:
Jina lenyewe limeshakwambia, gari ya milango miwili kama hiyo wazungu wanaiita kupe. Na ni kupe kweli, itakunyonya mpaka ubaki ngozi 😂

Nikiacha utani, mwenzangu hapo juu kasahau bomba la maji. Kuna bomba linapita katikati ya injini, kwenye lile bonde la V, linatoa maji mbele kupeleka nyuma. Sili yake ya mbele ikichoka maji ya rejeta yanapungua wewe huoni yanakoenda, ukiinama mbele chini ya wota pampu ndio unaona tone tone. Sili yenyewe hela ndogo, ila kuitoa kwa njia ya kitabu unafungua mbele yote mpaka kava za taimingi. Siku hizi kuna bomba la kujikunja, unakata la zamani unalitoa vipande vipande kupitia tundu la wota pampu, unaingiza jipya unalivuta linakaa. Mteja wangu kaliagiza nje, mpaka amemaliza imemtoka 1.9M. Ukiona muuzaji ana chupa ya maji kwenye buti uliza ya nini.

dada_wa_magari:
Nyie mnaongelea injini mmesahau giaboksi. Hiyo ina giaboksi ya ZF, kampuni ya Kijerumani, ya gia 6, nzuri sana, ila wenye gari waliambiwa oili yake ni ya maisha, na ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita elfu 80 na laki na ishirini. Sampo lake (bakuli la oili chini ya giaboksi) ni la plastiki na chujio limo humo humo, unabadilisha lote kwa pamoja. Yangu fundi mmoja aliniwekea hidroliki ya kawaida ya dumu eti zote ni oili tu dada, baada ya wiki mbili gari ikawa inapiga teke kwenye kubadili gia utafikiri punda. Nikarudia na oili yake halisi, sampo jipya na ile sili ya plagi ya umeme inayovujaga, 1.2M. Hapo bado tairi, zile ngumu za kutembea bila upepo, na spea hakuna kwa hiyo usijifanye unaenda Dodoma usiku.

Kijana wa Kinyerezi:
Duh. Na mafuta je? Au nikiagiza mwenyewe Japani nichague safi?

Spana Mkononi:
Mafuta kwenye foleni hesabu kilomita 5 kwa lita. Kinyerezi Posta kwenda na kurudi lita 8 hiyo, zidisha mwenyewe na bei ya sheli. Japani utapata safi kweli ila TRA (watu wa kodi) watakusubiri bandarini, gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu 30%, juu yake weka 25 ya kuingiza, 10 ya cc kubwa na VAT 18. Ingia kwenye kikokotoo chao uone kabla hujaota. Halafu angalia usukani, Wajapani wengine wakinunua gari ya Mzungu wanapenda usukani wa kushoto.

dada_wa_magari:
Kama unataka umbo tu tafuta 630i. Bodi ile ile, injini ya silinda 6 mstari mmoja, farasi 258, mambo ya V8 yote unayakwepa. Wota pampu yake ni ya umeme, huwa inakufa ghafla bila hodi, wewe ibadilishe mapema pamoja na thamostati.

Kijana wa Kinyerezi:
Mrejesho wakuu. Nimeenda leo saa moja asubuhi bila taarifa, boneti baridi. Dakika 12 nikapiga resi, moshi ukafunika geti mpaka mlinzi akatoka kuangalia. Jamaa anasema ni unyevu wa bahari tu. Nikamwambia 19 nachukua leo hii, kakataa kanuna.

Mzee wa Gerezani:
Tulia. Atapiga simu mwisho wa mwezi, wewe usipandishe hata laki.

Kijana wa Kinyerezi:
Sawa mzee. Mwenye 630i ya usukani wa kulia anicheki PM, dalali hapana.