"Nilidhani ni mvuna zabibu": yule wa soksi kanifikisha mwisho

Pumzi Moja (mleta uzi)

Wakuu, leo sina hata salamu. Nimeoga, nimekula, nimelala, nimeamka, hasira iko palepale. Miguu imepoa, moyo umegoma.

Mnamjua. Msinilazimishe kumtaja. Yule wa soksi za rangi ya chungwa zinazofika magotini, yule anayechora njia ya kukimbia Ijumaa usiku na kuitupia kundini na neno moja tu: "mteremko." Huyohuyo.

Jana asubuhi katutoa Kaysersberg, huku Alsace, Ufaransa. Tunapita Riquewihr, tunakatiza Hunawihr, tunamalizia Ribeauvillé, kilomita kumi na ushei, vijiji vizuri, picha nzuri. Mteremko. Mimi na akili zangu nikabeba kichupa cha maji chenye ukubwa wa dawa ya kikohozi.

Mpaka Riquewihr sina neno. Nyumba za mbao zimepakwa rangi kama pipi, mnara wa Dolder umesimama pale tangu 1291, watalii wamejaa, na mimi nikajipitisha katikati yao tumbo nimelivuta ndani kama bingwa wa dunia. Yale mawe ya barabarani yanatafuna vifundo vya miguu, lakini nilivumilia. Watu walikuwa wanaangalia.

Sasa toka kijijini kwa upande wa kaskazini. Kuna kilima kinaitwa Schoenenbourg. Wakulima wanakipenda kwa sababu ubavu wake umetazama kusini, unakula jua kutwa, zabibu za Riesling zinaiva vizuri. Hongera kwa Riesling. Mimi si zabibu. Ile njia haipandi, imeegemezwa ukutani kama ngazi. Nilipiga hatua kumi nikamwona marehemu babu, nikapiga tano nyingine babu akaniambia rudi nyumbani.

Basi nikasimama. Mikono magotini, kichwa chini, kando ya mstari wa mizabibu, napumua kama pampu mbovu. Hapo ndipo alipotokea. Alishafika juu, akaona haitoshi, akashuka tena kuja kuwachungulia waliobaki. Hana jasho. HANA JASHO, wakuu. Akasimama mbele yangu, watu sita wanasikia, akasema: "Kumbe ni wewe! Nilidhani ni mvuna zabibu."

Mvuna. Zabibu.

Na wavunaji wenyewe walikuwepo! Ni msimu wao, wameinama na mikasi na ndoo. Mmoja akaona watu wanacheka, naye akacheka, wala hajui lugha iliyozungumzwa. Kisha akaninyooshea ndoo. NDOO.

Kilima nimesamehe. Kichupa cha maji ni ujinga wangu. Lakini "nilidhani ni mvuna zabibu", mbele za watu, na viatu vyangu vya euro 160 mguuni? Halafu akapiga picha, na kabla sijafika Hunawihr picha ilishafika kundini. Pale Hunawihr kuna kanisa lililozungushiwa ukuta wa ngome. Nilitamani niingie, nifunge lango, nizeekee humo. Hata asubuhi hii birika limechemka nikalisikia linasema "mvuna, mvuna, mvuna".

Sikimbii naye tena. Nimemaliza.

Goti Bovu

Pole sana mkuu. Swali dogo tu: ndoo uliijaza?

Mama Kilomita

Nimeiona picha. Nisamehe mdogo wangu, lakini hata mimi nilidhani ni mvuna zabibu.

Saa Mbovu

Tuweke hesabu sawa. Wanaokimbia milimani huhesabu kila mita 100 za kupanda kama kilomita moja ya ziada. Saa yangu jana ilisoma mita 280 za kupanda. Kwa hiyo kumi yake ni kama kumi na tatu ya tambarare. Jamaa hakudanganya kiasi hicho.

Pumzi Moja

Nani kaomba hesabu? Nimetukanwa hapa! Kadhani mimi ni mvuna zabibu!

Kichochoro

Mleta uzi una nafuu, wewe uliona hata ndoo. Mimi alinichorea Saint-Hippolyte kwenda ngome ya Haut-Koenigsbourg. Kijiji kiko chini kabisa kwenye mizabibu, ngome iko mita 757 juu ya usawa wa bahari. Akaandika "kapando kadogo". Ile ngome Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani aliirudishia kuta na mapaa kuanzia 1900 mpaka 1908, na mimi nilitumia kama muda huohuo kuifikia. Nimefika juu, naulizwa kama nina tiketi. Tiketi ya nini? Nataka machela.

Goti Bovu

Mwenye machela angekudhani mnara.

Nyuma ya Wote

Haya yote madogo. Mimi kesi yangu ni ya majina. Riquewihr, Hunawihr, Mittelwihr, Bennwihr, mtu mwenye akili timamu anatofautisha vipi? Jamaa wa soksi kaniandikia "tukutane mnarani, -wihr". Hivyohivyo, na kistari! Nikaenda Bennwihr. Nimekaa dakika arobaini nashangaa mbona kijiji kinachosifiwa ukale hakina kitu cha kale, mpaka bibi mmoja akanieleza kwamba kilisagwa karibu chote kwenye mapigano ya Desemba 1944. Nikaona aibu kwa nilivyokuwa nanung'unika. Historia nimeipata, kundi sikuliona mpaka leo.

Goti Bovu

Riquewihr na Bennwihr nazo za kuchanganya? Si ungefuata watalii tu.

Nyuma ya Wote

Wewe uliyeruka kamba ya mwenye shamba wiki iliyopita huna la kusema hapa.

Mama Kilomita

Enhe! Hilo ndilo la kujadili. Wakati wa mavuno njia nyingi za mashambani zinafungwa, na mtu anaona kamba anaifanya utepe wa kumalizia mbio. Trekta zinapita humo, watu wako kazini. Zabibu za Crémant, ule mvinyo wa povu, lazima zichumwe kwa mkono, si mashine, sasa mkono huo uache kazi ukupishe wewe na kaptura yako?

Goti Bovu

Kibao sikukiona.

Mama Kilomita

Kibao kilikuwa kipana kuliko wewe.

Mpanda Basi

Nyie hamieni Médoc, karibu na Bordeaux. Kule marathoni inapita katikati ya mizabibu toka 1985, vilima vya kuhesabu, watu wamevaa mavazi ya ajabu na vituoni unapewa mvinyo. Muda wenu saa sita na nusu. Mimi nilikimbia kilomita kibao nyuma ya mtu aliyevaa pipa. Ukiinama pale, kila mtu anajua sababu.

Saa Mbovu

Ulimaliza kwa muda gani?

Mpanda Basi

Nilimaliza vituo.

Kichochoro

Hahaha! Huyu mpeni medali ya chupa.

Pumzi Moja

Jamani. Uzi huu unahusu maneno aliyonitamkia mtu mzima mbele ya watu sita. "Nilidhani. Ni. Mvuna. Zabibu." Hakuna hata mmoja anayeona uzito wake?

Saa Mbovu

Nimepakua upya, ni mita 287. Samahani kwa usumbufu.

Nyuma ya Wote

Watu sita gani? Mimi niliambiwa mlikuwa watano. Ina maana wa sita aliyecheka ni nani?

Goti Bovu

Mwenye ndoo.

Kichochoro

Tukiwa hapahapa, wakuu. Zile soksi zake zinabana vigimbi kweli au ni urembo?

Mama Kilomita

Zinabana. Nilizivaa kutoka Thann mpaka nikachoka mwenyewe, msuli haukunikaza hata mara moja.

Mpanda Basi

Unachukua saizi ya kiatu?

Mama Kilomita

Hapana, unapima unene wa kigimbi kwa utepe, asubuhi kabla miguu haijavimba. Mimi ya kwanza niliagiza kwa saizi ya kiatu, ikagoma katikati ya njia kama mleta uzi.

Pumzi Moja

Nimekuona mama.

Nyuma ya Wote

Rangi nyingine zipo, au ni lile chungwa tu?