Mama ana pengo la magego, anasema halionekani. Lijazwe au liachwe?

Mwana wa Kwanza:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia hili au walio kwenye fani.

Mama yangu ana miaka 61. Aling'olewa magego mawili ya chini yaliyofuatana, upande wa kushoto. Ya mbele yote yapo, akicheka huwezi kujua. Kila nikimwambia twende akawekewe meno, jibu ni lile lile: "Pengo lenyewe halionekani, meno ya nini?" Lakini nikikaa naye mezani namwona. Kila tonge analipeleka kulia, nyama anaizungusha shavuni mpaka anachoka anaitoa. Karanga na mboga mbichi kaziacha kabisa. Na ana kisukari.

Kuna madhara kweli, au namsumbua bure? Na akikubali, aweke yapi: ya kuvaa na kuvua, daraja (yale yanayogandishwa kwenye meno ya jirani), au ya kupandikiza?

Kisima:
Mwache bi mkubwa apumzike. Mzee wangu kaishi na mapengo miaka yote na hajawahi kulalamika. Siku hizi kila kitu biashara.

Tabibu wa Kinywa:
Mimi ni daktari wa meno. Kisima ana hoja: si kila pengo lazima lijazwe. Gego la mwisho kabisa likitoka, kwa kawaida pengo lake tunaliacha hivyo hivyo. Na Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja meno 20 ya asili kama kiwango ambacho mtu anaweza kumudu bila meno ya bandia.

Lakini mama huyu tayari anatoa chakula mdomoni kwa kushindwa kukitafuna. Hapo sikubali neno "mwache".

Pengo halitulii. Jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililong'olewa huanza kushuka polepole, mara nyingine hadi linakaribia kugusa ufizi wa chini. Ya jirani nayo huinama kuelekea kwenye uwazi, chakula kinanasa pembeni, brashi haifiki, fizi zinavimba. Halafu mfupa wa taya: ulikuwepo kwa ajili ya kushika jino, jino likiondoka unanywea, na kasi yake ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana anayechelewa sana huambiwa nafasi haipo tena au mfupa hautoshi.

Kwa mwenye kisukari ninaangalia mambo mawili. Fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti, na sukari ikipanda fizi huzidi kuharibika. Pili, anayeacha karanga na mboga mbichi mara nyingi huhamia vyakula laini vya wanga, ambavyo ndivyo anavyotakiwa kupunguza.

Kuna watakaokuambia pengo huleta ugonjwa wa moyo. Mimi sitamtisha mama yako kwa hilo. Ni kweli wenye meno machache huonekana kuugua moyo zaidi, lakini sigara, kisukari na ugonjwa wa fizi vinahusika na kung'oka kwa meno na pia na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo si lazima pengo lenyewe liwe chanzo.

Swali: nyuma ya pengo kuna jino?

Mwana wa Kwanza:
Asante sana daktari. Nimemwangalia kwa tochi ya simu, nyuma hakuna kitu. Na la juu kweli limeshuka kuliko wenzake!

Tabibu wa Kinywa:
Basi daraja la kawaida haliwezekani, maana linahitaji jino la kuegemea pande zote mbili. Yamebaki ya kuvaa na kuvua, au vipandikizi, yaani skrubu za titani ndani ya mfupa. Hizo si majaribio. Msweden Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Kisukari kilichodhibitiwa hakimzuii. Kinachozuia ni sukari iliyo juu, fizi zenye ugonjwa ambazo hazijatibiwa, na uvutaji sigara huongeza hatari ya kushindwa. Mfupa huchukua miezi kadhaa kushikana na skrubu, mara nyingi mitatu hadi sita.

Aanze na eksrei, asafishwe fizi, na ataje dawa zote anazotumia, hasa za kuimarisha mifupa.

Dada Mwavuli:
Mimi navaa ya kuvua, ya chini kama ya mama. Siku za mwanzo mate yanajaa na maneno yanakwama, nilikuwa nasoma kwa sauti chumbani mpaka ulimi ukazoea. Aanze na vitu laini, vipande vidogo, atafune pande zote mbili ili yasiinuke. Yakimchubua arudi yakapunguzwe, asiyapige tupa mwenyewe. Usiku avue, asugue kwa brashi laini na sabuni, aloweke kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto yanayapinda. Na yale meno yake ya asili yanayoshikwa na kulabu za meno ya kuvaa ayasafishe kuliko yote, uchafu unajificha hapo.

Kisima:
Daktari, hilo la jino la juu kushuka sikulijua. Mzee wangu itabidi naye aangaliwe.

Mwana wa Kwanza:
Nimemsomea mama majibu yote. Meno bado hajakubali, ila eksrei kakubali. Hilo la juu lililoshuka linarudishwaje?

Tabibu wa Kinywa:
Likiwa limeshuka kidogo, tunalipunguza kimo kwa kulisaga. Likishuka sana, tunalikata na kulivika kofia, pengine baada ya kutibu mzizi. Mpeleke mapema.