Mrejesho: Mama mkwe na kabati la jikoni

Asanteni sana kwa ushauri. Niliwaeleza kwamba mama mkwe kila akija hupanga upya vyombo vyangu, nami nakereka, kisha roho inanisuta kwa kumkasirikia mtu anayenipenda. Wengi mlisema nimtume mume wangu. Sikuafiki, maneno kama haya yakipitia kwa mtoto wake yanageuka mashtaka. Nikaongea naye mwenyewe tukiosha vyombo.

"Mwanangu, bega limegoma," akasema, akaniinulia mkono. Ukaishia usawa wa sikio. Kumbe alikuwa anashusha tu anavyovihitaji! Sasa rafu ya chini ni yake, apange apendavyo. Vikombe bado anavifudikiza, na sipendi hata kidogo, ila hilo nimeliacha. Jumatatu nampeleka kwa daktari wa mifupa.