Macau: feri, basi la darajani au treni kupitia Zhuhai? Na kulala rasini au Cotai?

Mpanga_Safari
Wakuu, habari za humu. Nalinganisha njia za kufika Macau na upande wa kulala: rasini kwenye mji wa zamani, au Cotai kwenye kasino kubwa. Msafiri anatoka Afrika Mashariki, anaweza kushukia Guangzhou au Hong Kong, na Macau atalala usiku mmoja tu. Anachokitaka hasa ni mji wa zamani wa Wareno. Kasino ni za kuangalia. Njia ninazoziona ni tatu: feri kutoka Hong Kong, basi la daraja kubwa la Hong Kong hadi Macau, au treni ya Guangzhou hadi Zhuhai, mji wa China bara unaopakana na Macau, kisha kuvuka mpaka kwa miguu. Ipi ina nafuu, na watu hukwama wapi?

Mchuuzi_GZ
Mkuu, kabla ya nauli, fungua pasipoti uone viza ya China imeandikwa kuingia mara ngapi. Hapo ndipo wanaofuata mizigo Guangzhou hukwama. Macau ilirudi China kutoka kwa Wareno tarehe 20 Desemba 1999, lakini ina uhamiaji wake, forodha yake na sarafu yake. Ukivuka kutoka Zhuhai umeshatoka China bara, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi hata kama siku zake bado zipo. Ndege yako ya kurudi ikiwa inaondokea Guangzhou, huna njia ya kuifuata.

Kwa hiyo: viza ya mara mbili au zaidi, nenda kwa treni bila wasiwasi. Viza ya mara moja, maliza shughuli zako zote Guangzhou, Macau iwe baada ya hapo, na tiketi ya kurudi nyumbani ikatwe ya kuondokea Hong Kong.

Treni yenyewe ni rahisi. Panda Guangzhou South, siyo kituo cha zamani cha katikati ya mji, na ushuke Zhuhai. Safari ni saa moja na kitu. Kituo cha Zhuhai kimepakana na mpaka wa Gongbei. Unatoka mlangoni, unafuata watu. Mpaka hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku. Fuata mstari wa pasipoti za kigeni, maana mageti ya kielektroniki si yako. Karibu hapo kuna mpaka mwingine, Qingmao, ambao umetengenezwa kwa wenye vitambulisho vya huko. Usipoteze muda kuutafuta. Jumamosi asubuhi kuingia na Jumapili jioni kutoka ndizo foleni mbaya.

Viza ya Macau ni habari nyingine, na masharti hayafanani kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Soma orodha ya polisi wa uhamiaji wa Macau kwa pasipoti yako kabla ya kulipa chochote.

Bahari_Mvita
Kwa anayelala Hong Kong mjini, feri bado ni bora. Gati la Sheung Wan liko juu ya kituo cha treni za chini ya ardhi. Unapanda ngazi, unakata tiketi, unapita uhamiaji, na baada ya kama saa moja uko Macau. Siku za kazi mchana nauli ni nafuu zaidi. Wikendi na usiku hupanda.

Angalia jina la gati unakoshukia, kwa sababu yapo mawili. Outer Harbour liko rasini, karibu na mji wa zamani. Taipa liko karibu na uwanja wa ndege na hoteli za Cotai. Ukikata la Taipa huku unalala rasini, unaongeza safari ya basi au teksi ya kuvuka daraja. Na anayechafukwa na bahari akae chini, katikati ya chombo, siyo mbele.

Njia_Fupi
Bahari_Mvita, hapo nakupinga kidogo. Basi la darajani ni dola 65 za Hong Kong mchana na 70 kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, halina kubuku, na linatembea saa 24. Daraja lilifunguliwa Oktoba 2018, urefu wake pamoja na barabara za kuungana ni kilomita 55, na basi linalivuka kwa dakika 40 hivi.

Lakini tuwe wa haki: kituo cha upande wa Hong Kong kiko kisiwani pembeni ya uwanja wa ndege. Ukitokea Central, katikati ya mji, kufika hapo tu ni kama saa nzima, halafu ndipo uhamiaji, basi, na uhamiaji tena. Faida ya nauli inaliwa na muda. Ukitokea uwanja wa ndege, Tung Chung au Sunny Bay (basi B5 linatoka hapo Sunny Bay), basi halina mpinzani.

Upande wa Macau, ukishapita uhamiaji chukua basi la mji: 101X kwa rasi, 102X kwa Taipa. Nauli ya fedha taslimu ni pataka (sarafu ya Macau) 6 na dereva harudishi chenji. Ukiwa na kadi ya Macau Pass ni 3, au 4 kwa mabasi ya haraka. Kwa usiku mmoja kadi haikulipi, beba sarafu.

Na hili wengi hawalijui: abiria anayeshuka ndege Hong Kong anaweza kuunganisha moja kwa moja kwenda Macau kwa basi la darajani bila kupita uhamiaji wa Hong Kong. Ukishuka ndegeni fuata alama za feri na mabasi ya China bara na Macau, kata tiketi kaunta ya ndani, wape vipande vya mizigo yako ili waifuate. Ukishapita dawati la uhamiaji, nafasi hiyo imekwisha. Kwa mwenye pasipoti inayodai viza ya Hong Kong, hii huenda ikawa njia.

Ngome_Kongwe
Njia mmeshamaliza. Kulala, mimi nasema rasini, na sitayumba. Macau nzima ni kilomita za mraba 33 hivi, na karibu kila kilichoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005 kiko rasini, mwendo wa kama kilomita tatu. Shida ni watu. Kuanzia saa 4 asubuhi uwanja wa Senado na ngazi za kanisa la kale la St. Paul hujaa vikundi vya watalii mpaka hupati pa kuweka mguu. Anayelala rasini anafika St. Paul saa 1 asubuhi, uso wa kanisa ukiwa wake. Jengo lilikamilika 1640, likaungua 1835. Kilichobaki ni ukuta wa mbele na ngazi. Uangalie juu kwa makini: pamoja na watakatifu utaona maandishi ya Kichina na simba wa Kichina, kazi ya mafundi wa huko waliosaidiana na Wakristo wa Japani waliokimbia mateso.

Kutoka hapo panda ngome ya Monte, iliyo jirani. Anayeijua Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ataitambua akili ileile ya vita katika pembe za kuta na mizinga inayotazama maji. Monte ilikuwa bado haijakamilika Waholanzi walipovamia Juni 1622, na mizinga yake iliwasaidia Wareno kuwarudisha. Waafrika waliokuwa watumwa wa Wareno walipigana vikali siku hiyo. Hili lisisahaulike mtu akiwa amesimama pale juu.

Kisha shuka kuelekea kusini: St. Dominic, Senado, ukumbi wa Dom Pedro V, St. Lawrence, nyumba ya Mandarin (bure, hufungwa Jumatano), kambi ya Wamoor iliyojengwa 1874 kwa ajili ya askari kutoka Goa, India, hadi hekalu la A-Ma. Ukianzia St. Paul unateremka kuliko kupanda, na unamaliza karibu na kituo cha treni nyepesi cha Barra, ambacho tangu Desemba 2023 kinakupeleka Taipa na Cotai. Jumba la makumbusho la Macau, ndani ya Monte, hufungwa Jumatatu.

Karata_Mezani
Cotai nayo isidharauliwe kwa jioni. Ni ardhi iliyojazwa kati ya visiwa vya Taipa na Coloane. Ukiritimba wa kasino ulioanza 1962 ulivunjwa miaka ya 2001 na 2002, kasino ya Sands ikafungua 2004, Venetian 2007, na mwaka 2006 mapato ya kasino za Macau yaliipita Las Vegas. Leo kampuni sita ndizo zenye kibali.

Kuingia ni bure, ila lazima uwe umetimiza miaka 21 na pasipoti iwe mkononi. Picha ukumbini ni marufuku. Walinzi watakwambia ufute. Meza zinatumia dola ya Hong Kong, na nyingi za Cotai dau la chini ni mamia. Mchezo mkuu ni bakarati, wa karata, ambao unabashiri nani atashinda, "benki" au "mchezaji", au kama itakuwa sare. Kama lazima ujaribu: dau la benki huipa kasino faida ya asilimia 1.06, la mchezaji 1.24, na la sare zaidi ya 14. Sare usiiguse, hata ikitangazwa kulipa mara nane.

Vya bure: magari ya kamba ya Wynn Palace yanayopita juu ya ziwa, na mabasi ya hoteli kutoka magatini na mipakani. Mabasi hayo huhitaji kuwa na chumba kwao ili upande.

Bi_Salma_Tanga
Wanangu, kwa Waislamu niongeze. Msikiti upo, Ramal dos Mouros, karibu na bwawa la maji, si mbali na gati la Outer Harbour. Chakula halali ni kichache, kwa hiyo ulizia mapema migahawa ya Kihindi na Kiindonesia. Njia ya kwenda St. Paul maduka hukupa vipande vya nyama kavu uonje bure. Vingi ni nguruwe. Biskuti za lozi na hata vitobosha vya yai (egg tart), baadhi ya maduka hutia mafuta ya nguruwe kwenye unga, basi uliza kabla ya kutia mdomoni. Nyama kavu usinunue ya kubeba: forodha ya China bara wataichukua.

Kuku wa Kiafrika mtamkuta kwenye migahawa ya Kimacau. Ni kuku wa mchuzi wa pilipili, nazi na karanga, chakula kilichofuata njia za Wareno kutoka Msumbiji na Goa. Kila jiko lina lake, wengine humwoka, wengine humzamisha mchuzini. Ni kitamu, ila kuchinjwa kwake ni jambo la kuuliza.

Mpanga_Safari
Shikamoo Bi Salma, na asanteni wakuu. Basi inakuwa hivi: basi la darajani kutoka uwanja wa ndege, kulala rasini, Cotai jioni. Siku gani na mwezi gani? Na fedha?

Njia_Fupi
Jumapili hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi chumba kilekile hupanda sana, na wiki ya Oktoba mosi na mwaka mpya wa Kichina usiguse. Katikati ya Novemba kuna mashindano ya magari, barabara za rasi hufungwa. Mwishoni mwa Novemba na Desemba ni kukavu na hakuna joto kali. Bei ya hoteli uliyoiona mtandaoni, hakiki kama imejumuisha asilimia 10 ya huduma na 5 ya kodi.

Fedha: toa dola za Hong Kong. Pataka 1.03 ni dola moja, lakini madukani watu huhesabu dola moja kama pataka moja. Chenji utakayopewa kwa pataka imalize hukohuko, kwa sababu nje ya Macau kuibadilisha ni shida. Adapta ya umeme huhitaji, soketi nyingi ni za pini tatu kama zetu.

Bahari_Mvita
Na kati ya Mei na Oktoba angalia utabiri wa kimbunga kila asubuhi. Ishara namba 8 ikipandishwa, feri husimama, na daraja nalo huweza kufungwa. Ndege ya kurudi iwe kesho yake, siyo jioni ileile ya kutoka Macau. Kile kikaratasi wanachokupa uhamiaji badala ya muhuri kiweke ndani ya pasipoti, hoteli watakiomba.